Uji wa Paa

Bibi yangu alikuwa akifika pale paa anapougua, hunyamaza kidogo. Sisi wajukuu tumejazana mkekani barazani kwake Ng'ambo, "Pakawa!" tumeshaitikia mpaka makoo yamekauka, na nyoka wa vichwa saba ameshauawa. Tunadhani hadithi imekwisha. "Bado," anasema. "Paa ana homa."

Kisa hiki ni cha zamani Unguja. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyefika kisiwani mwaka 1864, alikiandika pamoja na hadithi nyingine alizosimuliwa na wenyeji, akazichapisha London mwaka 1870, Kiswahili kwa Kiingereza. Humo kinaitwa kisa cha Sultan Darai. Nilipokisoma ukubwani nilimkuta bibi mle, na ile homa ya paa.

Maskini mmoja anaishi kwa kuchakura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumuni, yaani sehemu ya nane ya riale, naye anaitoa yote kumnunua paa. (Riale zilitoweka, lakini jina la thumuni lilibaki, likahamia kwenye senti hamsini.) Paa huyo anasema kama mtu. Hakuna msikilizaji anayeuliza amejifunza wapi. Wanachouliza majirani ni swali la sokoni: wewe mwenyewe huna chakula, huyo mnyama atakula nini? Na swali hilo ndilo linalokisukuma kisa chote, kwani paa anaomba ruhusa aende kujilishia porini, na huko ndiko anakookota almasi. Njaa ndiyo iliyoleta utajiri.

Paa anaipeleka almasi kwa sultani kumposea bwana wake binti, lakini hata ndoa hiyo ina shida zake. Bwana harusi hana nguo. Almasi ipo, sultani amekubali, lakini mtu hawezi kwenda ukweni na matambara ya jaani. Paa anampiga, anamlaza kando ya mto, kisha anakimbia kwa sultani kusema kwamba bwana wake amevamiwa na wanyang'anyi. Nguo zinaletwa. Msimulizi wa Unguja hakuona haya kusimamisha maajabu kwa ajili ya kanzu, nami nampenda kwa hilo.

Kisha paa anamuua nyoka, anampatia bwana wake nyumba iliyojaa mali, na mwili unamlipiza: kichwa kinauma, miguu inauma. Anamtuma kizee wa nyumba ile kwa bwana. Bwana anaamuru apikiwe uji wa mtama mwekundu, chakula cha ovyo, katika nyumba isiyokosa mchele. Mkewe anamsihi. Yeye anajibu kwamba paa ni kitu cha thumuni.

Hapo ndipo bibi alipokuwa akishusha sauti. Mwaka 1870 soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa bado wazi. Lilifungwa mwaka 1873, na Steere ndiye aliyejenga kanisa kuu mahali pale. Waliosimulia na waliosikiliza walijua maana ya kiumbe kupimwa kwa bei aliyonunuliwa, hata baada ya miaka ya utumishi, hata akiwa kitandani. Naamini ndiyo sababu kisa hakikuishia kwenye ushindi. Watu wale walikwisha kuona nini humpata mtumishi siku anapougua.

Paa anakufa, anatupwa kisimani. Mke anamwandikia baba yake barua, na sultani anakuja na watu wake. Paa anatolewa, anazikwa kwa heshima. Asubuhi moja yule bwana anaamka, anajikuta jaani, palepale pa zamani.

Bibi hakuwa akiongeza neno. Alichukua taa, akaingia chumbani kwa mama mkubwa, aliyekuwa hawezi mwaka ule mzima, na sisi tukiwa gizani tukamsikia anamuuliza kama uji wake ameumaliza.