Dini na Dola Katika Mchezo wa Historia

Vijana wawili tuliowahi kuwafundisha walitujia hivi karibuni na orodha ya maneno, wakiomba tuwasahihishie Kiswahili chake. Wanatunga modi ya mchezo wa kompyuta. Kwa msomaji asiyezoea mambo hayo, modi ni mageuzi ambayo wachezaji wenyewe huyapachika juu ya mchezo uliokwisha kuuzwa, ili upate nchi, sheria au visa visivyokuwamo. Mchezo waliouchagua ni Victoria 3, uliotolewa mwaka 2022 na kampuni ya Paradox ya Sweden. Ndani yake mchezaji hushika hatamu za nchi moja tangu mwaka 1836 hadi 1936, akatoza kodi, akatunga sheria na kupigana vita. Nchi waitakayo vijana hao ni Buganda.

Maneno ya silaha na mashamba hayakutusumbua. Tulikwama penye safu ya sheria za dini. Mchezo huo humpa mtawala njia nne: dini ya dola, uhuru wa dhamiri, utengano kamili wa dini na dola, na ukanaji Mungu wa dola. Vijana wetu walikuwa wamezifasiri njia mbili za mwisho kwa maneno yale yale, "serikali isiyo na dini". Hatukuwalaumu. Maneno hayo hutumika kila siku kwa maana ya serikali isiyopendelea dini yoyote, ila kuna wasikilizaji wayaelewao kuwa ni serikali ya makafiri, na mabishano mengi tuliyoyasikia vibarazani yametokana na utata huo. Neno "usekula" nalo limekwisha kuingia, lakini halijielezi. Tulikubaliana na "dola isiyofungamana na dini", tukadhani kazi imekwisha. Kumbe walipojaribu kuiweka Buganda ya mwaka 1890 katika safu ile, hapakuwa na chumba hata kimoja kilichoitosha.

Michezo ya aina hii aghalabu huiona historia kuwa ngazi. Katika Civilization IV, mchezo wa mwaka 2005, mna dini saba, nazo zote zimepewa nguvu sawasawa ili asiudhike mtu. Busara hiyo twaielewa. Lakini mchezaji anapovumbua uliberali hupata ruhusa ya kuacha dini ya dola, na utafiti wa nchi yake ukaongezeka kwa asilimia 10. Maana yake ni kwamba dini ni ya jana na elimu ni ya kesho. Hiyo ni hadithi ambayo Ulaya imejisimulia yenyewe, nayo hata Ulaya haikai sawa. Ufaransa ilitenga dini na dola kwa sheria ya tarehe 9 Desemba 1905. Hata hivyo Alsace na Moselle, zilizokuwa mikononi mwa Ujerumani wakati huo, hadi leo serikali huwalipa mapadri wao mishahara. Na kule Algeria, Wafaransa wale wale waliendelea kuwalipa maimamu ili wawe chini ya mkono wao. Uturuki ilifuta ukhalifa tarehe 3 Machi 1924, na siku hiyo hiyo ikaunda idara ya serikali ya kusimamia misikiti. Mwaka 1937 katiba yake ikatamka kwamba dola haifungamani na dini, ilhali imamu ni mtumishi wa dola. Je, huo ni utengano?

Turudi Buganda. Uislamu ulifika huko pamoja na wafanyabiashara wa pwani katika miaka ya 1840, na Kabaka Mutesa wa Kwanza alianza kufunga Ramadhani mwaka 1867. Walimu wenzetu watapendezwa kujua kwamba waumini wa dini mpya hawakuitwa kwa jina la imani yao. Waliitwa "abasomi", yaani wasomaji, na hata leo katika Kiganda kitenzi "okusoma" ni kusoma kitabu na pia ni kusali. Walipokuja wamisionari wa Kianglikana mwaka 1877, na Mapadri Weupe wa Kikatoliki mwaka 1879, nao walipata wasomaji wao. Katika siku za mwanzo Mackay, yule fundi wa misheni ya Kianglikana, alifundisha kwa maandiko ya Kiswahili, kwa kuwa lugha hiyo ilikwisha kutangulia barazani kwa Kabaka. Neno lenyewe "eddiini" ni letu, na sisi tulilitoa kwa Waarabu.

Mutesa hakuwa na dini ya dola kwa maana ya mchezo. Alisikiliza wote, na hakukubali yeyote awe na bwana mwingine juu yake. Mwaka 1876 aliamuru wauawe makumi ya wasomaji Waislamu waliokataa kula nyama iliyochinjwa na watu wake, na mwishoni mwa mwaka 1879 alimwita barazani kahini wa Mukasa, lubaale wa ziwa. Mwanawe Mwanga aliwaua wasomaji Wakristo kati ya mwaka 1885 na 1887. Kilichogombaniwa hapo ni utii, na vijana wa ikulu waliokwenda Namugongo walilijua hilo waziwazi.

Septemba 1888 wasomaji wa dini zote waliungana wakampindua Mwanga, wakamtawaza Kiwewa. Haukupita mwezi mmoja na kitu, Waislamu wakawafukuza Wakristo. Kiwewa alipokataa kutahiriwa aliondolewa, akatawazwa Kalema. Mwanga alirudishwa na Wakristo, nao wakagawanyika: Wakatoliki wakaitwa chama cha Wafaransa, Waprotestanti chama cha Waingereza. Tarehe 24 Januari 1892 walipigana Mengo, na Lugard, wakala wa kampuni ya Waingereza, akawasaidia Waprotestanti kwa bunduki ya Maxim. Baada ya hapo nchi iligawanywa: Wakatoliki wakapewa Buddu, na Waislamu mwishowe wakabaki na Butambala. Mkataba wa mwaka 1900 ukaligandisha jambo hilo katika karatasi: maili za mraba 92 kwa mashirika matatu ya wamisionari, 24 kwa Mbogo na Waislamu wake. Kati ya maofisa wakuu watatu, Apolo Kagwa na Zakaria Kisingiri walikuwa Waprotestanti, Stanislaus Mugwanya Mkatoliki.

Hapo ndipo safu yenye vyumba vinne inapovunjika. Buganda haikuwa na dini moja ya dola, wala haikutenga kitu. Ilikuwa na vyeo na ardhi vilivyogawanywa kwa dini. Mtu aliyebadili kanisa aliweza kupoteza nafasi yake. Kuiita hali hiyo "uhuru wa dhamiri" ni kuwadhulumu waliofukuzwa mashambani mwao.

Rai yetu kwa vijana ilikuwa waiache ngazi, badala yake mchezo umwulize mtawala maswali mbalimbali: nani huwalipa viongozi wa dini, nani hufundisha watoto, nani huhukumu ndoa na mirathi, nani hustahili cheo. Nchi yaweza kujibu hili hivi na lile vile. Jirani yetu Kenya ni mfano mzuri, ingawa ni wa nje ya miaka ya mchezo: katiba yake ya mwaka 2010 yasema hakuna dini ya serikali, na katiba iyo hiyo yalinda mahakama za kadhi, ambazo asili yake ni mapatano ya ukanda wa pwani ya mwaka 1895. Anayeona mgongano hapo anatazama kwa kipimo cha Paris.

Mmoja wa vijana alituuliza kama mchezo hautakuwa mgumu kupita kiasi. Huenda. Mwenzake alitaka Kiwewa apewe chaguo: atahiriwe akae, au akatae aanguke. Tulisema ndiyo, mradi machaguo yote mawili yawe na hasara, kwani hakuna msomaji wa wakati ule aliyempa yule bwana njia ya tatu.

Ukabaki ugomvi wa lugha. Kwa hali ya mwaka 1900 tuliwaandikia "mgawanyo wa vyeo kwa dini". Wamerudi wiki iliyopita kusema kitufe hakina nafasi ya herufi nyingi hivyo, nasi bado tunatafuta neno fupi.