Manung'uniko na Maasi: Utii wa Askari katika Afrika ya Mashariki, 1964

Katika kazi zote ambazo mwanadamu huajiriwa, hakuna idaiyo utii kama uaskari. Mkulima akikaidi shauri la bwana shamba, hasara huwa ya mavuno yake mwenyewe. Karani akipuuza agizo la mkuu wake, barua huchelewa. Lakini askari anapokataa amri, mkononi mwake mna bunduki aliyokabidhiwa na taifa zima, na anayekataliwa ni taifa lenyewe. Kwa hiyo swali hili ni la zamani: askari mdogo asipomtii mkubwa wake, atendewe nini? Wako wasemao aadhibiwe vikali pasipo kuulizwa neno. Wako wasemao asikilizwe kwanza, maana panapofuka moshi hapakosi moto. Insha hii yataka kupima kauli hizo mbili kwa mizani ya mambo yaliyotukia katika juma moja la Januari 1964, wakati askari wa Tanganyika, Uganda na Kenya walipoasi mmoja baada ya mwingine.

Majeshi hayo yalikuwa ndugu wa tumbo moja. Yote yalitokana na jeshi la Mfalme wa Kiingereza lililoundwa mwaka 1902, ambalo wenyeji waliliita Keya. Katika Keya Mwafrika alipigana vita kuu viwili, akafika Uhabeshi na Burma. Lakini cheo chake kilikuwa na mpaka asioweza kuuvuka. Amri ilitoka kwa Mwingereza, na utii ulitoka kwa Mwafrika. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, bataliani zake mbili ziliitwa Tanganyika Rifles. Bendera ilibadilika, lakini kambi ya Dar es Salaam iliendelea kuitwa Colito na ile ya Tabora Kalewa, majina ya mahali Keya ilipopigana Uhabeshi na Burma. Na maofisa walio wengi waliendelea kuwa Waingereza. Askari wa kawaida alipata kiasi cha shilingi 105 kwa mwezi.

Si vigumu kuuelewa uchungu wa askari huyo. Alimwona karani wa jana amekuwa mkuu wa wilaya, na mwana wa jirani yake amekuwa waziri. Yeye bado alimpigia saluti bwana yule yule. Mapema Januari 1964 Rais Nyerere alitangaza kwamba raia wote wataangaliwa sawasawa katika kazi za serikali pasipo kubaguliwa kwa rangi. Neno hilo lilikuwa la haki; lakini masikioni mwa mtu aliyekwisha kungoja miaka mingi lilisikika kama mlango unaofungwa. Tena sheria ya kijeshi iliyorithiwa kwa Waingereza ilimruhusu askari kupeleka lalamiko lake peke yake, ngazi baada ya ngazi. Wakikutana wengi kulalamika pamoja, jambo hilo huhesabiwa maasi. Kanuni hiyo ina hekima, ila ina sharti moja: aliye juu ya ngazi lazima awe na sikio. Hapa aliyekuwa juu ya ngazi ndiye aliyelalamikiwa. Manung'uniko yalikosa njia ya kupita, na maji yakikosa njia hubomoa ukuta.

Ukuta ulibomoka usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari. Mapinduzi ya Unguja yalikuwa yametokea siku nane tu nyuma, na polisi wapatao 300 walikuwa wamevushwa kwenda huko, hata mji wa Dar es Salaam ukawa na walinzi wachache. Askari wa Colito waliwakamata maofisa wao, wakashika uwanja wa ndege na mahali penginepo pakuu mjini. Rais na Makamu wake, Rashidi Kawawa, walikwenda mafichoni. Waziri Oscar Kambona ndiye aliyekwenda kambini kusema na waasi, na madai yao yalikuwa mawili: mishahara ipande hadi shilingi 260, na maofisa wa Kiingereza waondoke. Siku ya pili yake bataliani ya Tabora iliasi pia. Mjini maduka yaliporwa na watu kadhaa waliuawa.

Hapa ndipo lilipo fundisho la kwanza. Madai ya askari hayakuwa ya kipuuzi: kila Mtanganyika aliyependa uhuru wa nchi yake angekubali kwamba jeshi la taifa liongozwe na watu wa taifa. Lakini jambo la haki likidaiwa kwa mtutu wa bunduki hubadilika tabia. Ahadi zilizotolewa kambini zilitolewa na mtu aliyezungukwa na silaha, na ahadi ya namna hiyo haimtulizi aliyeipokea. Ajua ameipata kwa nguvu, basi huogopa kuweka silaha chini asije akanyang'anywa. Siku nne zikapita pasipo askari kuwa na mkuu wanayemtii, na habari zikafika kwamba baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi walikuwa wakisemezana na waasi. Lililoanza kama lalamiko la mshahara lilikaribia kuwa shauri la kuitwaa serikali.

Tarehe 25 Januari, kwa ombi la Nyerere, wanamaji wa Kiingereza walishuka Colito kwa helikopta kutoka manowari Centaur. Kambi ilitekwa kwa muda mfupi, askari wachache wakapoteza maisha, na Tabora ikasalimu amri pasipo vita. Ushindi huo ulikuwa na uchungu ndani yake: taifa lenye umri wa miaka miwili lilikuwa limewaita watawala wake wa zamani wawatiishe wanawe. Nyerere hakuificha fedheha hiyo. Aliita mkutano wa mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mwezi wa Februari, na baadaye askari wa Nigeria walishika zamu ya Waingereza mpaka nchi ilipopata jeshi lake.

Tukitazama adhabu, twaona Tanganyika ilifanya mambo mawili yaliyo mbalimbali. Walioonekana kuwa viongozi walipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Aliyepewa adhabu kubwa kuliko wote, sajini mmoja, alihukumiwa kifungo cha miaka 15. Rais alisema waziwazi kwamba hukumu zile zilikuwa nyepesi, lakini hakuzigeuza, kwa kuwa mwenye kuwafundisha askari kutii sheria hana budi kuitii yeye kwanza. Jambo la pili lilikuwa kubwa zaidi: jeshi lenyewe lilivunjwa. Vijana wapya waliandikwa, wengi wao kutoka Umoja wa Vijana wa TANU, na Jeshi la Wananchi huhesabu tarehe 1 Septemba 1964 kuwa siku yake ya kuzaliwa. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Mrisho Sarakikya, ofisa aliyeweza kurudisha utulivu Tabora siku za maasi. Colito ikaja kuitwa Lugalo, mahali Mkwawa alipowashinda Wajerumani mwaka 1891. Aliyeasi aliadhibiwa; lalamiko lake halikuadhibiwa. Ofisa wa kigeni aliondoka, lakini aliondoka kwa amri ya serikali, si kwa amri ya kambi.

Uganda ilishika njia nyingine. Askari wa Jinja waliasi tarehe 23 Januari, wakamzuia Waziri Felix Onama mpaka akakubali kuongeza mishahara. Waingereza waliitwa, nao waliwanyang'anya askari silaha pasipo kumwaga damu. Lakini hatari ilipopita, serikali ya Obote iliitimiza nyongeza ile, na wengi wa waasi walibaki jeshini. Ofisa aliyeitwa Idi Amin alipandishwa cheo mwaka ule ule. Mwaka 1966 serikali ililitumia jeshi hilo kulivamia jumba la Kabaka huko Mengo, na tarehe 25 Januari 1971 jeshi likamwondoa Obote mwenyewe. Sidai kwamba mambo ya Jinja peke yake yalizaa mambo ya 1971. Sababu zilikuwa nyingi. Lakini askari wa Uganda walikuwa wamefunzwa kwamba bunduki ni ulimi unaojibiwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kenya ilikaza kamba. Jioni ya tarehe 24 Januari, askari wa Lanet, karibu na Nakuru, waliasi baada ya kungoja redioni habari ya mishahara wasiisikie. Kenyatta hakukubali sharti la waasi. Kambi ilizingirwa, viongozi wao wakafungwa, bataliani ikavunjwa. Kisha, kwa mwendo aliouchagua yeye, Waafrika walipandishwa vyeo, ingawa mkuu wa jeshi Mwingereza alibaki mpaka mwaka 1966.

Je, kati ya njia hizo tatu ipo iliyo dawa kamili? Haipo. Askari wa anga wa Kenya waliasi tarehe 1 Agosti 1982, na mwaka 1983 maofisa kadhaa wa Tanzania walikamatwa kwa njama ya kupindua serikali. Tena Tanganyika ililipa gharama yake: jeshi lililofungwa pamoja na chama kimoja lilikuwa tiifu, lakini lilikuwa vigumu kulitenga na siasa, hata vyama vingi viliporudi mwaka 1992 shauri hilo likabidi kuangaliwa upya.

Hata hivyo mizani inaelemea upande mmoja. Uasi na lalamiko ni vitu viwili, na kazi ya mtawala ni kuvitenga. Akiadhibu uasi na kulidharau lalamiko, ameufunika moto kwa majani makavu. Akilikubali lalamiko na kuusamehe uasi, amewauzia askari wake taifa kwa bei ya nyongeza ya mshahara. Lakini kuvitenga baada ya risasi kulia ni kazi ghali mno. Wakati wake hasa ni kabla: siku ambapo sajini mzee anasema jambo kwa heshima mbele ya afande wake, naye afande ana muda wa kuketi na kusikiliza. Utii wa jeshi huanzia masikioni mwa mkubwa kabla ya kufika miguuni mwa mdogo.