Siku Mbaya za Mwendo, Kutoka Likoni Hadi Vanga

Kijana wa Msambweni au Ukunda aliyeanza mbio hivi karibuni, ambaye juma lililopita alikimbia akarejea kwao uso umemchangamka, na leo, kwa njia ile ile na saa ile ile, miguu ikamgomea, kichomi kikamshika ubavuni na ikambidi arudi akitembea, aghalabu hukimbilia kuihukumu nafsi yake: husema kwamba hakuumbiwa mbio, kwamba riadha ni ya watu wa Iten na Eldoret, na viatu akavisukumia uvunguni. Hukumu hiyo mimi naiona ni dhuluma, na ushahidi wa kuitengua umo katika tarikhi ya pwani yenyewe, ambako watu walikwenda kwa miguu karne nyingi kabla ya barabara ya lami, na ambako siku mbaya ya mwendo ilijulikana, ikawekewa desturi zake, wala haikuhesabiwa kuwa ila ya mtu.

Katika karne ya 19 Vanga ilikuwa miongoni mwa bandari zilizotoa misafara ya kwenda bara, upande wa Kilimanjaro na Umasaini, kutafuta pembe za ndovu. Misafara ya pwani, toka huku hata Bagamoyo, ilikuwa na ada moja iliyowaudhi sana wasafiri wa Kizungu waliokuwa na haraka, nayo ni kwamba siku ya kwanza hapana aliyekwenda mbali. Msafara ulitoka mjini kwa shangwe na kishindo, bendera mbele, na baada ya mwendo mfupi tu ukatua, hata mtu akaweza kurudi mjini jioni ile kuchukua alichokisahau. Wageni wakadhani ni uvivu, kumbe ilikuwa hekima ya watu walioijua kazi yao. Mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili au karibu yake, yaani kilo 30 na ushei, na mzigo huo haujulikani ulivyofungwa mpaka uwe umekaa begani kwa saa nzima: kamba iliyolegea huonekana hapo, pembe inayochoma shingo huonekana hapo, na bega geni lililochubuka hupata usiku mzima wa kupumzika kabla halijatakwa tena. Basi siku ya kwanza ilitolewa makusudi iwe siku ya kuharibikiwa, karibu na nyumbani, mahali ambapo kuharibikiwa hakumwangamizi mtu. Sijaona kanuni bora ya kumpa mwanafunzi wa mbio, naye kwa kawaida hufanya kinyume chake, siku ya kwanza akatoka Ukunda kwa kasi ya mtu anayefukuzwa.

Jambo la pili waliloshika wenyeji ni hesabu ya maji. Mwenye kwenda kwa njia ya ufuoni, toka Tiwi kupitia mdomo wa mto Mwachema penye msikiti wa kale wa Kongo, mpaka Diani, Galu na Kinondo, hakuondoka bila ya kujua mwezi una siku ngapi, kwa sababu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa mnamo saa nne. Siku mbili tatu baadaye, saa kumi na mbili asubuhi, wakati ambao mkimbiaji wetu hutoka, bahari imejaa pomoni na kumwachia ukanda mwembamba wa mchanga mkavu chini ya minazi, ambamo mguu huzama hata kifundo na kila hatua humgharimu nguvu za hatua mbili. Juma moja likipita, saa ile ile, maji yamekupwa, na ufuo umelala mpana, mgumu na wenye unyevu, hata alama ya kisigino haionekani ila kwa shida. Kijana anayekimbia kwa saa ya mkononi bila ya kuutazama mwezi atajiona hodari juma hili na dhaifu juma lijalo, ilhali miguu ni ile ile. Fauka ya hayo kuna upepo: wakati wa kusi, atokaye Diani kwenda Kinondo huwa na upepo usoni, na akigeuka humsukuma mgongoni.

La tatu, ambalo ndilo kubwa, ni joto. Mwili wa mwanadamu hupoa kwa jasho kukauka juu ya ngozi, na hewa ya pwani, hasa mwisho wa kaskazi kabla masika hayajaingia, huwa imejaa unyevu hata jasho hutiririka bila ya kukauka. Hapo damu iliyostahili kwenda miguuni hugawanywa, sehemu ikapelekwa ngozini ili joto litoke, na moyo hupiga kwa nguvu zaidi kwa mwendo ule ule wa jana. Mwili huzoea, lakini kuzoea kwenyewe huchukua siku 10 hadi 14, na wazee waliotua vituoni kabla ya jua la utosi hawakuhitaji kipimo cha kuwajulisha hayo.

Ulimwengu mzima ulifundishwa somo hili tarehe 24 Machi 2007, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalipofanyika katika uwanja wa gofu wa Mombasa, ng'ambo tu ya Likoni. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuja akiwa hajashindwa katika mashindano hayo tangu 2002, na kila mwaka kati ya 2002 na 2006 alikuwa ametwaa mbio fupi na ndefu pia. Alikwenda sambamba na Zersenay Tadese wa Eritrea kwa sehemu kubwa ya kilomita 12, kisha, mwisho ukiwa karibu, akaanza kuachwa, akapunguza mwendo, akatoka njiani na kusimama. Wengi wengine hawakumaliza siku ile, na wako walioanguka. Tadese alishinda kwa dakika 35 na sekunde 50, Moses Mosop akawa wa pili na Bernard Kipyego wa tatu, na Kenya ikachukua ushindi wa timu.

Naomba kijana wa Msambweni alitafakari jambo hili kwa utulivu: pengine mkimbiaji bora kuliko wote wa zama zake alisimama kwa sababu ya hewa ile ile anayoivuta yeye kila asubuhi, hewa ambayo yeye ameanza kuizoea na ambayo Bekele, mtu wa nyanda za juu, hakuizoea. Bekele naye hakujitangazia kwamba kipaji kimekwisha. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo, huko Osaka, ambako joto na unyevu pia vilikuwa vingi, alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 10,000. Machi 2008 alirudi kwenye mbio za nyika, mjini Edinburgh, na mapema katika mbio zile kiatu kikamvuka. Alisimama akakivaa, wenzake wakamwacha, akawafuata mmoja baada ya mmoja mpaka akawapita wote, na Tadese, aliyemshinda Mombasa, akawa wa tatu.