Makosa Katika Sarafu za Kale: Habari za Heller za Tabora



Leo twataka kuzungumza habari za sarafu za kale, na hasa habari za makosa yaonekanayo juu yake. Wako watu ambao wakiokota sarafu ya zamani yenye kasoro huitupa, au humpa mhunzi aiyeyushe, wakisema kwamba haina faida. Kumbe mara nyingine kasoro ile ndiyo yenye habari kubwa. Lakini yafaa kwanza tujue kupambanua: lipi ni kosa lililozaliwa pamoja na sarafu, na lipi ni dhara lililoipata baadaye mikononi mwa watu.

Tufahamu jinsi sarafu inavyofanywa. Bamba la madini hukatwa vipande vya mviringo visivyo na alama yo yote. Kisha kila kipande huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja chini na mmoja juu, nayo hubanwa kwa nguvu nyingi. Alama zilizochongwa zikazama katika mihuri hutokea juu ya sarafu zimeinuka. Jambo hili la kuzama na kuinuka mtu alishike vizuri, maana litamfaa mbele.

Sasa twende Tabora. Tangu mwaka 1904, katika utawala wa Wajerumani, rupia moja ilihesabiwa kuwa heller 100. Heller hizo zilipigwa chapa Ulaya na kuletwa kwa meli. Zile za Berlin zilitiwa herufi A, na zile za Hamburg herufi J. Vita vilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza ziliziba njia ya bahari, sarafu zikaadimika. Serikali ilitoa noti za karatasi, lakini watu wengi hawakuziamini. Ndipo mwaka 1916 ilipoamriwa sarafu zipigwe chapa papo hapo nchini, katika karakana ya reli ya Tabora. Maganda ya risasi yaliyokwisha kutumika yaligeuzwa kuwa fedha, na dhahabu ilitoka katika mgodi wa Sekenke. Sarafu hizo zilitiwa herufi T.

Mafundi wa reli walizoea kutengeneza magari ya moshi, si kupiga chapa fedha. Tena kazi yenyewe ilikuwa ya haraka. Tazama heller 20 za Tabora. Nyingine zina taji kubwa, nyingine taji dogo. Tena zitazame herufi L mbili katika neno HELLER: katika muhuri mmoja ncha zake zimechongoka, katika muhuri wa pili ncha zote mbili zimejikunja, na katika muhuri wa tatu ni L ya pili tu iliyojikunja. Hata sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo na milima, ina namna mbili: pambo la upande wa kulia huishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, au huishia chini ya A ya kwanza. Za dhahabu zilifanywa zipatazo 16,000 tu. Hizi zote ni tofauti za mihuri. Bado hatujafika kwenye makosa yenyewe.

Makosa yenyewe ni haya. La kwanza, kipande hukaa upande, nayo picha ikakatika. Sehemu iliyokosa muhuri hubaki tupu. La pili, bamba hukatwa juu ya tundu lililokwisha kukatwa, na ukingo wa sarafu ukawa kama umeumwa na meno. La tatu, sarafu hupigwa mara mbili, na herufi zikaonekana pacha. La nne, muhuri wenyewe hupasuka. Hapo ndipo lile jambo la kuzama na kuinuka linapotufaa: madini huingia katika ufa wa muhuri, kwa hiyo juu ya sarafu ufa ule huonekana kama mstari ulioinuka. Lakini mkwaruzo wa kisu au wa jiwe huzama. Ukipitisha ukucha polepole utajua. Tena ufa wa muhuri hurudi mahali pale pale katika sarafu nyingine zilizopigwa kwa muhuri huo; mkwaruzo ni wa sarafu moja tu.

Sarafu iliyopondwa kwa nyundo, iliyotobolewa ivaliwe shingoni, au iliyotiwa tupa, hiyo haina kosa la chapa, imeharibiwa tu. Na wajanja wako, ambao huziharibu makusudi ili wawauzie watu kwa bei kubwa. Sarafu ya dhahabu ya Tabora imeigwa mara nyingi, basi anunuaye na aangalie sana.

Twawasihi pia mwenye sarafu ya zamani asiisugue kwa mchanga wala kwa ndimu ipate kung'aa. Ile mistari myembamba na zile ncha za L tulizozitaja ndizo za kwanza kufutika, nazo zikifutika hazirudi.

Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora. Fedha ile ilidumu muda mfupi tu, lakini heller zake zilibaki. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Na haraka ile imeandikwa katika shaba. Ukingo usio sawa na muhuri uliopasuka vyatuambia kwamba serikali ilikuwa imezingirwa, na kwamba watu wa nchi walikataa karatasi wakataka kitu cha kushika mkononi. Basi mzee aliye na heller ya T sandukuni asiitupe kwa sababu ina kasoro. Na amwite mjukuu asomaye shule, waitazame pamoja juani, wazihesabu zile L.