Historia ya Kura katika Nyaribari

Mtu asafiriye kutoka mji wa Kisii kwenda Keroka hupita soko la Keumbu. Akitazama huku na huku huona vilima vilivyolimwa mpaka kileleni, migomba, chai na mahindi, na nyumba zilizokaribiana sana. Nchi hiyo ni sehemu ya Nyaribari, nayo imepewa jina la mojawapo ya koo kubwa za Abagusii. Keumbu ni wadi moja miongoni mwa wadi sita za jimbo la uchaguzi la Nyaribari Chache, katika Kaunti ya Kisii. Jimbo lenyewe si kubwa. Lakini aifuataye historia ya uchaguzi wake hujifunza jambo la maana sana: kwamba kuwa na kura ni jambo moja, na kura hiyo kuwa na nguvu ni jambo jingine.

Ili tusipotee njiani, na tuchukue maswali matatu na kuyauliza katika kila kipindi. Ni nani aliyeruhusiwa kupiga kura? Alipiga kwa njia gani? Na je, kura yake iliweza kumwondoa mtu katika cheo?

Kabla ya Waingereza kuja, Abagusii hawakuwa na mfalme mmoja wa kuwatawala wote. Wazee wa ukoo walikaa pamoja, wakasikiliza mashauri na kuyakata. Serikali ya kikoloni ilipoingia mwanzoni mwa karne ya 20, ilitaka mtu mmoja wa kumwamuru na kumwuliza habari, kwa hiyo iliweka machifu. Katika Nyaribari chifu aliyevuma kuliko wote alikuwa Musa Nyandusi, aliyetumika kwa miaka mingi. Chifu hakupigiwa kura na raia. Serikali ndiyo iliyomweka, na Serikali peke yake ndiyo iliyoweza kumwondoa. Raia aliyeona ameonewa alikuwa na njia moja tu, kwenda kulalamika bomani, yaani kwa wale wale waliomweka chifu.

Baraza la Kutunga Sheria la Kenya lilianzishwa mwaka 1907, lakini Mwafrika wa kwanza hakuingia humo mpaka mwaka 1944. Huyo alikuwa Eliud Mathu, naye aliteuliwa na Gavana. Waafrika walipiga kura ya kuwachagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza mwezi wa Machi 1957. Viti vilikuwa vinane tu kwa Kenya nzima. Abagusii waliwekwa pamoja na Wajaluo wa Nyanza ya Kusini katika jimbo moja kubwa, na aliyeshinda hapo alikuwa Lawrence Oguda.

Kura ya mwaka 1957 haikuwa ya kila mtu, wala haikuwa sawa. Kila taifa lilikuwa na daftari lake: Wazungu mbali, Wahindi mbali, Waafrika mbali. Tena Mwafrika alitakiwa aonyeshe sifa fulani, kama vile elimu, mapato, mali au utumishi wa miaka mingi. Mwenye sifa moja alipewa kura moja, na mwenye sifa nyingi aliweza kupewa kura hata tatu. Tuchukue mfano. Watu wawili wanakaa kilima kimoja na kuteka maji katika kijito kimoja. Wa kwanza ni karani mwenye elimu na mshahara mzuri. Wa pili ni mkulima asiyejua kusoma. Karani aenda kituoni akiwa na kura tatu, na mkulima abaki shambani bila hata moja. Lakini sheria itungwayo na Baraza, kama ni ya kodi au ya kahawa, yawahusu wote wawili. Bila shaka aliyehitaji zaidi mtu wa kumsemea ndiye aliyenyimwa.

Mlango ulifunguliwa kidogo kidogo. Katika uchaguzi wa Februari 1961 mtu aliyejua kusoma au kuandika lugha yake, au aliyepita umri wa miaka 40, aliweza kuandikishwa. Mwezi wa Mei 1963, siku chache kabla ya Madaraka, kila mtu mzima aliyetimiza miaka 21 alikuwa na kura moja, mwanamume kwa mwanamke, msomi kwa asiye msomi. Mwaka 1974 umri huo ulipunguzwa kuwa miaka 18. Basi swali letu la kwanza lilikuwa limepata jibu: mpiga kura ni kila raia mzima.

Katika miaka ya kwanza ya Uhuru, sauti ya Nyaribari iliyosikika mbali kuliko nyingine ilikuwa ya James Nyamweya. Alikuwa mwanasheria aliyesomea Uingereza, naye aliushika uwaziri kwa miaka mingi, pamoja na Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje. Tangu chama cha KPU kilipopigwa marufuku mwezi wa Oktoba 1969, ni KANU tu iliyosimamisha wagombea. Msomaji angeweza kudhani kwamba kura haikuwa na kazi tena. Sivyo. Wagombea kadhaa wa chama hicho kimoja waliweza kushindana, na raia wakachagua kwa siri ni nani wa kumtuma Nairobi. Mwaka 1979 watu wa Nyaribari walimwacha Waziri Nyamweya wakamchukua Andrew Omanga. Chifu wa zamani asingeweza kuondolewa hivyo. Hapa kura ilionyesha meno yake.

Kisha likaja jaribio kubwa. Kwa ajili ya uchaguzi wa 1988, Nyaribari iligawanywa kuwa majimbo mawili, Nyaribari Chache na Nyaribari Masaba. Lakini mabadiliko makubwa zaidi hayakuwa ya mipaka. KANU iliamua kwamba uteuzi wa wagombea ufanywe kwa mlolongo. Mwezi wa Februari wanachama walijipanga mstari nyuma ya mgombea wao, au nyuma ya mtu aliyeshika picha yake, mchana kweupe, wakahesabiwa. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa, na katika jimbo hilo hapakuwa na kura ya siri baadaye.

Walioutetea mlolongo walisema kwamba ni wa wazi, na kwamba macho hayadanganyiki. Viongozi wa makanisa waliupinga tangu mwaka 1986, nao walikuwa na sababu. Fikiri hali ya mtu aliyesimama katika mstari ule. Mwenye duka amwona, naye amdai. Chifu amwona, naye kesho atamwendea kwa shauri la shamba. Mwalimu mkuu amwona, na mtoto wake yuko katika shule hiyo. Mtu wa namna hiyo achagua mgombea, au achagua amani yake? Tena kulikuwa na kasoro nyingine. Karatasi za kura huwekwa sandukuni, na ikizuka shaka huhesabiwa upya. Mstari ukishatawanyika hapana kitu cha kuhesabu tena. Husalia neno la msimamizi tu. Mahali pengi nchini ilisemwa kwamba mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu. Kelele za wananchi zilizidi, hata mwishoni mwa mwaka 1990 KANU yenyewe ikakubali kuuacha mlolongo. Mwezi wa Desemba 1991 sheria ya chama kimoja iliondolewa.

Uchaguzi wa vyama vingi ulifanywa tarehe 29 Desemba 1992, na katika Nyaribari Chache alishinda Simeon Nyachae wa KANU. Historia ya mtu huyu yafaa kuangaliwa. Alikuwa mwana wa Chifu Musa Nyandusi. Yeye mwenyewe alikuwa amepanda vyeo vya Serikali mpaka kuwa Mkuu wa Mkoa, na baadaye Katibu Mkuu wa Serikali nzima. Vyeo vyote hivyo ni vya kuteuliwa. Sasa ilimbidi aje mbele ya raia wa baba yake na kuwaomba. Walimpa kura mwaka 1992, wakampa tena mwaka 1997, na mwaka 2002 pia, alipogombea urais wa Kenya kwa chama cha Ford-People akawa wa tatu. Alipata kuwa Waziri wa Kilimo na Waziri wa Fedha. Walakini mwaka 2007 watu wale wale walimpa kiti Robert Monda. Baba aliweza kuondolewa na Serikali tu; mwana aliondolewa na wakulima kwa karatasi iliyokunjwa.

Hata karatasi ile yahitaji mlinzi. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ilibatilisha matokeo ya uchaguzi wa Machi katika Nyaribari Chache, na wananchi wakarudi vituoni kabla ya mwaka kwisha. Wengine waliona hayo ni usumbufu na hasara. Lakini tukumbuke mlolongo wa 1988, na wale walioshindwa ambao hawakuwa na karatasi ya kupeleka mbele ya hakimu.

Mwaka 2022 jimbo hilo lilimchagua Zaheer Jhanda, Mkenya mwenye asili ya Kiasia. Mwaka 1957 Mhindi wa mji wa Kisii na Mgusii wa Keumbu hawakuandikwa hata katika daftari moja la kura. Ilipofika miaka 65 baadaye, jimbo lenye jina la ukoo lilimtuma Bungeni mtu ambaye si wa ukoo huo.

Historia hii haisemi kwamba kila aliyechaguliwa alikuwa mwema, wala kwamba kila aliyeshindwa alikuwa mbaya. Raia aweza kukosea achaguapo, kama mnunuzi akoseavyo sokoni. Faida ya kura ni kwamba kosa lake laweza kurekebishwa bila damu, na yeye mwenyewe, baada ya miaka mitano. Ila kwa sharti la mambo matatu tuliyoyafuata tangu mwanzo: kura iwe ya kila mtu na iwe sawa, iwe siri ya mpiga kura, na ihesabiwe kwa haki. Watu wa Nyaribari walikosa la kwanza mwaka 1957, wakaona la pili likichukuliwa mwaka 1988, na mwaka 2013 wakalazimika kulitetea la tatu mahakamani. Mwanafunzi asomaye haya atakapotimiza miaka 18 ataingia katika daftari ambalo waliomtangulia hawakulipata bure.