Hassan Sheikh Mumin na Tamthilia ya Kuchekesha ya Kisomali: Mtazamo wa Kutoka Garissa

Mtu anayeipima historia ya tamthilia kwa idadi ya vitabu vilivyochapwa na majumba ya maonyesho yaliyojengwa hana mengi ya kuandika afikapo Garissa. Mji huo ulio ukingoni mwa Mto Tana ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki mpaka kaunti ziliposhika nafasi ya mikoa ya Kenya mwaka 2013. Katika mijadala ya fasihi ya Kenya hutajwa zaidi kwa habari za vita, ukame na wakimbizi kuliko kwa habari za sanaa. Hata hivyo kipimo chenyewe ndicho chenye kasoro. Lugha ya nyumbani ya wakazi wengi wa Garissa ni Kisomali, na katika Kisomali tamthilia ilikomaa kabla lugha hiyo haijapata maandishi rasmi. Kwa hiyo anayetaka kujua ni sanaa gani ya maigizo iliyo mali ya msikilizaji wa Garissa hana budi kuvuka mpaka, na akivuka atakutana na Hassan Sheikh Mumin, mmoja wa watunzi mashuhuri wa michezo ya kuchekesha katika lugha hiyo.

Mpaka wenyewe una historia yake. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia nchi ya Jubaland, na Wasomali wa ng'ambo mbili za mpaka mpya wakawa raia wa dola mbalimbali huku wakibaki na lugha moja, dini moja na hazina moja ya mashairi. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, mgogoro wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini uligeuka kuwa vita vilivyokuja kuitwa vya mashifta. Vita hivyo vilipiganwa kwa bunduki na kwa redio pia: Redio Mogadishu ilitangaza kuelekea kusini, na serikali ya Kenya ilizilalamikia propaganda zake. Mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, yaliyosimamiwa na Rais Kaunda wa Zambia, yalikusudia pamoja na mengine kuukomesha uhasama huo. Sheria ya hali ya hatari, iliyobana mikutano na mwendo wa watu, iliendelea katika mkoa mpaka mwaka 1991. Yafaa tarehe hizi zikumbukwe, maana Shabeelnaagood, tamthilia iliyompatia Hassan Sheikh Mumin sifa, ilichezwa Mogadishu mwaka 1968, yaani katika mwaka uliofuata mapatano hayo. Kundi la waigizaji lilihitaji kibali kuvuka mpaka. Mawimbi ya redio hayakuulizwa pasipoti.

Mtunzi huyu hakutoka upande wa Juba wala Tana. Alizaliwa Borama, kaskazini-magharibi ya nchi ya Wasomali, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Waingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mji huo mdogo una mahali pakubwa katika historia ya sanaa ya Kisomali. Katika miaka ya 1940, kwenye njia ya malori baina ya Zeila na Borama, dereva mmoja aitwaye Abdi Deeqsi alizusha aina ya wimbo mfupi wa mapenzi ulioitwa belwo. Watu walimpa Abdi jina la utani la Sinimo, kutokana na neno sinema, kwa jinsi alivyowaburudisha. Wazee wa dini waliukemea wimbo huo, vijana wakaupenda, na kutokana nao ukakua wimbo mrefu zaidi uitwao heello, ulioimbwa pamoja na udi. Heello ndiyo iliyokuwa mshipa wa damu wa tamthilia ya mjini. Mchezo wa Kisomali usiokuwa na nyimbo haukuhesabiwa kuwa mchezo kamili. Kwa hiyo Hassan Sheikh Mumin alipokuwa kijana alikulia mahali ambapo sanaa mpya ilikuwa ikizaliwa hadharani, na ambapo hoja ya kama ni halali kuimba mapenzi mbele za watu ilikuwa hoja hai ya kila siku.

Alipata elimu ya Kurani na ya shule ya msingi. Baadaye alifanya kazi ya utangazaji na ya kukusanya fasihi simulizi, akatunga mashairi, nyimbo na michezo, na mwenyewe akaigiza. Kazi hizo hazikutengana. Mkusanyaji wa mashairi ya wazee hujifunza masikioni namna neno linavyobeba uzito, na mtangazaji hujifunza kuwa msikilizaji asiyeshikwa mapema huizima redio. Miongoni mwa michezo yake mingine umo Gaaraabidhaan, yaani kimulimuli. Lakini nje ya wasemaji wa Kisomali jina lake limefungamana na Shabeelnaagood.

Maana ya jina hilo ni chui wa wanawake. Mhusika mkuu, Shabeel, ni laghai wa mjini anayewanasa wanawake kwa ndoa za uongo kisha akawatelekeza. Mwathiriwa wake ni Shallaayo, ambaye jina lake latokana na neno la Kisomali la majuto. Mwanamke mwingine huitwa Diiddan, jina lenye maana ya kukataa. Hadhira iliyoelewa lugha ilijua tangu wahusika walipotajwa nani atalia na nani hatakubali. Kwa msomaji wa tamthilia za Ulaya jambo hili laweza kuonekana kuwa ni kuitoa siri ya mchezo kabla ya wakati wake. Sivyo ilivyo. Kicheko cha Shabeelnaagood hakitegemei mshangao wa mwisho wa hadithi; chategemea watazamaji kujua zaidi ya anavyojua Shallaayo, na kumwona Shabeel akiyatumia maneno ya heshima, dini na mapenzi kama mfanyabiashara anavyotumia mizani aliyoichezea.

Hapa ndipo palipo na uzito wa mchezo. Ndoa kwa madhehebu ya Shafii, ambayo Wasomali huyafuata pamoja na Waswahili wa pwani, inahitaji walii na mashahidi. Wasomali wana desturi ya siku nyingi ya vijana waliokataliwa na wazazi kusafiri umbali mkubwa kutoka kwa walii ili waozeshwe na shehe. Katika maisha ya ufugaji desturi hiyo ilikuwa na kinga zake: watu walijuana kwa ukoo, na mwanamume aliyemwacha mke kwa hila alikuwa na jamaa wa kuwajibishwa. Mjini kinga hizo zililegea. Mwanamume aliweza kufika kwa lori, akajiita jina alilolitaka, akaonyesha sura ya ndoa bila ya ndoa yenyewe. Mtunzi hakuishambulia dini wala hakuusifu mji au kijiji. Alichokifanya ni kuonyesha mahali hasa ambapo kamba ya zamani ilikatika. Hadhira ya Garissa, mji wa soko la mifugo na wa njia ya malori, haikuhitaji kufafanuliwa jambo hilo. Wala haingehitaji kufafanuliwa hadhira ya Lamu au Mombasa, kama mchezo huo ungewafikia kwa lugha yao.

Kuhusu fani, tamthilia ya Kisomali ya wakati huo ilikuwa na tabaka mbili za lugha. Sehemu za kishairi zilitungwa na mtunzi neno kwa neno, na waigizaji walipaswa kuzihifadhi bila kuzibadili. Sehemu za nathari zilikuwa huru zaidi: mtunzi aliwapa waigizaji mwendo wa mazungumzo, nao wakayajaza kwa ufundi wao, hata onyesho la leo likapata mzaha usiokuwamo katika la jana. Mafunzo yote yalifanywa kwa mdomo. Mtunzi aliweza kuwa na karatasi zake binafsi, alizoziandika kwa hati yoyote aliyoizoea, lakini karatasi hizo hazikuwa mchezo. Mchezo ulikuwa vichwani mwa waigizaji.

Sehemu hizo za kishairi hufungwa na sheria kali ya sauti. Katika shairi la Kisomali, sauti ile ile ya mwanzo wa neno lazima ijitokeze katika kila mstari au nusu mstari, tangu mwanzo wa shairi mpaka mwisho. Irabu zote huhesabiwa kuwa sauti moja. Mpango wa mizani nao upo, ingawa wataalamu walichelewa kuueleza mpaka mshairi Maxamed Xaashi Dhamac, aitwaye Gaarriye, alipouchapisha uchambuzi wake gazetini mwaka 1976. Mfasiri wa Kiswahili anayetaka kuuleta mtindo huo katika lugha yake atakutana na tatizo la ajabu. Katika Kiswahili upatanisho wa ngeli huleta urudiaji wa sauti za mwanzo bila kuombwa: mtu akisema watoto wadogo wawili waliwasili, kila neno limeanza kwa sauti moja na hakuna aliyetunga shairi. Kilicho kazi ngumu kwa Msomali, na kwa hiyo chenye thamani, ni sarufi ya kawaida kwa Mswahili. Yaelekea mfasiri mwenye busara angeziacha sauti za mwanzo, akatumia vina na mizani, kwani hapo ndipo hadhira ya Kiswahili imezoea kuuona ufundi wa mtunzi.

Ukosefu wa maandishi haukumnyima mtunzi umiliki wa kazi yake. Hadhira ya Kisomali ilijua nani katunga wimbo gani, na yeyote aliyeukariri alitarajiwa kumtaja mwenyewe. Kulikuwa na aibu katika kuficha jina la mtunzi. Watazamaji walikwenda kwenye maonyesho na tepurekoda, wakanasa mchezo mzima, na kanda zikanakiliwa na kusafiri pamoja na wafanyabiashara. Inafaa kulinganisha hali hiyo na vichekesho vya Kiswahili vilivyorushwa na televisheni ya taifa kutoka Nairobi, kama Vioja Mahakamani na Vitimbi. Humo jina lililokaa midomoni mwa watu lilikuwa la mhusika. Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alijulikana nchi nzima kuwa Mzee Ojwang', Mkikuyu aliyechekesha kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo. Ni wachache waliouliza maneno yalitungwa na nani. Kwa hiyo sanaa iliyopitia studio na ofisi za serikali ndiyo iliyomsahaulisha mtunzi, na ile iliyokaa vichwani mwa watu na katika kanda ikamhifadhi. Wanaoamini kuwa maandishi pekee ndiyo humpa mtunzi jina wangefaidika kulitafakari jambo hili.

Tarehe 21 Oktoba 1972 serikali ya Siad Barre ilitangaza hati ya Kilatini kuwa maandishi rasmi ya Kisomali. Miaka miwili baadaye, mwaka 1974, B. W. Andrzejewski wa Chuo Kikuu cha London alitoa Shabeelnaagood kama kitabu, kilichochapwa na Oxford University Press, chenye matini ya Kisomali pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kazi hiyo ni ya kushukuriwa. Iliwawezesha wanachuo wasiojua Kisomali kuuona mchezo mzima, na utangulizi wake umebaki kuwa mlango mwema wa kuingilia somo hili. Lakini kitabu kimeshika sehemu moja tu ya kitu. Udi haumo, wala sauti za wanawake jukwaani, ambazo kwa jamii ya miaka ile zilikuwa zenyewe ni hoja. Zaidi ya hayo, nathari iliyokuwa ikibadilika kila usiku imegandishwa katika sura moja, hata msomaji akadhani kwamba ndiyo pekee. Na kwa kuwa mlango ulikuwa wa Kiingereza, ilitokea kwamba mhadhiri wa Nairobi au Dar es Salaam aliyetaka kuisoma tamthilia ya jirani zake alipitia London.

Mtunzi aliendelea na kazi katika nchi ambayo tangu mapinduzi ya 1969 ilikuwa imeajiri wasanii wengi chini ya serikali na kuyapitisha maneno yao katika uchunguzi. Wimbo wake Samo ku Waar ulikuja kufanywa wimbo wa taifa wa Somaliland, ambayo ilijitangazia uhuru mwaka 1991. Televisheni ilianza Mogadishu mwaka 1983, imechelewa sana ikilinganishwa na ya Kenya iliyoanza mwaka 1962, na haikupata hata miaka kumi ya amani. Serikali ilipoanguka mwaka 1991 wasanii walitawanyika. Mwaka huo huo kambi za Dadaab zilianza kufunguliwa katika eneo la Garissa. Zilikusudiwa watu 90,000, na ilipofika mwaka 2011 zilikuwa na zaidi ya 400,000. Hivyo Garissa, iliyokuwa ikiisikia tamthilia ya Kisomali kutoka mbali, ikawa mwenyeji wa sehemu kubwa ya hadhira yake. Hassan Sheikh Mumin mwenyewe aliishia Norwe, akafariki Oslo mwezi wa Januari 2008.

Jumba la Taifa la Maonyesho la Mogadishu, lililojengwa kwa msaada wa Wachina na kufunguliwa mwaka 1967, mwaka mmoja kabla ya Shabeelnaagood, lilifungwa wakati wa vita, likageuzwa kituo cha wapiganaji, likafufuliwa, kisha likashambuliwa kwa bomu mwezi wa Aprili 2012. Tarehe 22 Septemba 2021 lilionyesha filamu kwa mara ya kwanza baada ya miaka thelathini. Watazamaji walikata tiketi na kuona filamu fupi mbili za Ibrahim CM, Hoos na Date from Hell, ndani ya ulinzi mkali.