Mbube: Wimbo Uliopotezewa Mwenyewe

Wimbo unaojulikana duniani kwa jina la "The Lion Sleeps Tonight" ulianza maisha yake Afrika Kusini kwa jina la "Mbube", yaani simba kwa Kizulu, na mtunzi wake, Solomon Linda, hakuwa mtu asiyejulikana ambaye watafiti walilazimika kumsaka, kwani jina lake lilikuwa limechapwa kwenye lebo ya santuri yenyewe.

Linda alizaliwa mwaka 1909 katika eneo la Msinga, Natal, akakua akichunga ng'ombe, kisha mwaka 1931 akaungana na vijana wengi wa Kizulu waliohamia Johannesburg kutafuta vibarua. Huko aliongoza kikundi cha Evening Birds, ambacho kilitofautiana na vingine kwa namna kilivyozidisha waimbaji wa besi, yaani sauti nzito ya chini, ili yeye mwenyewe apate uwanja wa kupaa juu yao kwa sauti nyembamba. Mwaka 1939 Griffiths Motsieloa, msaka vipaji wa kampuni ya Gallo, aliwaingiza studio. Wimbo uliporudiwa kwa mara ya tatu, Linda aliachia mwishoni noti chache ambazo hazikupangwa kabla, na ni hizo hasa, zilizozuka papo kwa papo, ambazo baadaye Wamarekani walizifanya kiini cha wimbo wao. Katika miaka ya 1940 santuri hiyo iliuzwa takriban nakala 100,000, na "mbube" likawa jina la mtindo mzima wa kwaya za wanaume, ambao mrithi wake, isicathamiya, ulikuja kuenezwa na Ladysmith Black Mambazo.

Mwaka 1952 Linda aliiuzia Gallo haki zake kwa shilingi 10. Mauzo hayo yalikuwa ya dhuluma, lakini pigo zito zaidi lilitokea New York, ambako santuri ilikuwa imefika mikononi mwa mtafiti wa nyimbo Alan Lomax, naye akampa mwimbaji Pete Seeger. Kikundi cha Seeger, The Weavers, kiliutoa wimbo kwa jina la "Wimoweh" na kuusajili kwa Paul Campbell, jina la bandia ambalo wanakikundi walilitumia kwa nyimbo walizodhani ni za jadi. Wimbo wa jadi, kwa mujibu wa hakimiliki, hauna mwenyewe, hivyo anayeupanga upya ndiye anayedai mrabaha, yaani malipo ya kila matumizi ya kazi. Seeger alimtumia Linda dola 1,000, jambo la heshima, ingawa hundi moja haikuweza kuchukua nafasi ya haki ya kudumu. Mwaka 1961 George Weiss aliandika maneno ya Kiingereza kwa ajili ya kikundi cha The Tokens, wimbo ukashika nafasi ya kwanza Marekani, na mwaka uliofuata Linda akafariki akiwa fukara. Wasomaji wa Afrika Mashariki, waliozoea mabishano kuhusu ni nani hasa aliyetunga "Malaika", watatambua kwamba hapa hapakuwa hata na ubishi wa aina hiyo.

Mwaka 2000 mwandishi Rian Malan alifichua mkasa huo katika jarida la Rolling Stone, na msaada ukatoka mahali pasipotarajiwa: sheria ya kikoloni. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika pia Afrika Kusini, iliagiza kwamba haki alizouza mtunzi ziwarudie warithi wake miaka 25 baada ya kifo chake, hata kama mkataba ulisema vingine, na kwa hesabu hiyo za Linda zilirudi mwaka 1987. Kwa hoja hiyo, mwaka 2004 wakili Owen Dean aliongoza kesi dhidi ya Disney, iliyokuwa imeutumia wimbo katika filamu ya The Lion King, na kwa kuwa kampuni hiyo ni ya kigeni, mahakama iliruhusu alama zake za biashara zilizosajiliwa nchini, Mickey Mouse ikiwemo, zishikiliwe ili ipate mamlaka ya kuisikiliza kesi. Februari 2006 pande husika ziliafikiana: Linda alitambuliwa kuwa mtunzi mwenza, warithi wake wakakubaliwa malipo ya tangu 1987 pamoja na mgawo wa mrabaha ujao, na kiasi cha fedha kikafanywa siri.